Damu ya buu wa chonga: namna ya kuona chembe zake zikipambana na bakteria

Wanafunzi wangu hapa Mikindani hunidai niwaonyeshe chembe moja ikimeza bakteria mmoja, kama mchoro wa kitabuni. Kwa hadubini ya shule, inayokuza mara 400, bakteria ni kidoa tu. Mimi nawaonyesha chembe zikifanya kazi kwa kundi.

Pasua gogo la mnazi lililooza. Mabuu wa chonga (mbawakawa mwenye pembe) utawakuta wamejikunja, weupe, vichwa vya kahawia. Mwenye shamba hakatai, kwani chonga akikua ndiye anayetoboa minazi. Mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, beba na ndugu zao."

Koroga kijiko cha mtindi katika glasi ya maji ya chumvi (gramu 9 kwa lita 1), chuja kwa kitambaa, chemsha, acha ipoe. Bakteria wamekufa, sawa, lakini mwili wa buu hutambua kuta zao hata hivyo. Buu mmoja atadungwa maji haya ya mtindi; wa pili, wa kulinganisha, atapata maji ya chumvi yaliyochemshwa, basi.

Walaze kwenye barafu mpaka watulie, wapanguse kwa spiriti. Kwa sindano tupu ya insulini mdunge kila mmoja maji yake, yuniti 2, ubavuni kwenye mkunjo wa ngozi, ukiilaza. Usiizamishe, ukitoboa utumbo umeharibu kila kitu. Warudishe kwenye uozo wao hadi kesho.

Kesho yake wapoze tena, kata ncha ya mguu, dondosha damu kwenye kioo chenye tone la maji ya chumvi, funika haraka. Damu hii haina wekundu kwa sababu haibebi oksijeni, na ikipigwa na hewa huanza kuwa nyeusi: kimeng'enya kinatengeneza melanini, yaani rangi nyeusi. Tazama bila kuhama. Chembe za mviringo zitang'ang'ania kioo, zitoe vijimkono, zitandazike. Kunata huko ndiko silaha yao. Bakteria wachache humezwa mmoja mmoja. Wakiwa wengi, chembe hugandana, zikawazingira, kisha melanini ikalipaka fundo zima.

Waache kwenye friza mpaka wafe, ndipo upasue tumbo. Kwenye mafuta meupe ya aliyedungwa mtindi tafuta vidoa vyeusi. Mwenzake anatakiwa awe na alama ya sindano tu. Akiwa na vidoa vingi, maji au sindano yako ilikuwa chafu. Na usishangae tone la yule wa mtindi likiwa na chembe chache: nyingi zimenasa kwenye vidoa hivyo.