Somo: Kuiona Hubble kwa macho matupu ukiwa Unguja au Pemba

Assalam alaykum jamaa. Darubini ya anga za juu si ya kuonwa pichani tu. Hubble, iliyorushwa Aprili 1990, inapita juu ya mapaa yetu. Walio London hawaipati. Njia yake haivuki nyuzi 28.5 kaskazini wala kusini mwa ikweta, nasi tuko nyuzi 5 hadi 6 tu kusini. Hii ni neema, tuitumie.

Kwanza, fungua tovuti ya Heavens-Above, inayoonyesha saa ambazo setilaiti hupita juu yako, weka eneo lako, chagua Hubble. Ukisoma 19:12, hiyo ni saa moja na dakika 12 usiku. Zipo wiki haipiti jioni, subiri.

Pili, wakati wake ni baada ya Maghrib au kabla ya Alfajiri. Kwetu chini giza limeshaingia, lakini yenyewe, kilomita kama 500 juu, bado inapigwa na jua, na mwanga huo ndio unaouona. Usiku wa manane kivuli cha dunia huwa kimeifunika.

Tatu, tafuta pasipo na taa, upande wa magharibi pawe wazi. Ufuo wa Mangapwani unafaa sana. Nukta itapanda kutoka magharibi, imetulia, haimetimeti. Yenye taa nyekundu ya kuwaka na kuzima ni ndege. Ikitoweka ghafla katikati ya mbingu, imeingia kivulini.

MASWALI

Mwalimu, mbona haianguki?
Inaanguka dada yangu, kila sekunde. Ila inakwenda mbele zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, basi kila ikishuka, dunia nayo imeshapinda chini yake. Mzunguko mmoja ni dakika 95 hivi.

Inageukaje kutazama nyota nyingine?
Haina injini ya kujisukuma. Ndani mna magurudumu mazito. Gurudumu likizungushwa upande huu, darubini yote hugeuka upande wa pili, taratibu. Kaa kwenye mtumbwi mdogo majini, pinda kiwiliwili ghafla kulia: mtumbwi utaelekea kushoto. Ni jambo lile lile.

Nipo Wete. Na ile darubini nyingine ya angani, James Webb, je?
Hiyo iko kilomita milioni 1.5, inalizunguka jua sambamba nasi. Macho hayaifikii, ndugu yangu.

Kuna darubini iliyorushwa huku kwetu?
Ipo, tena ina jina la Kiswahili: Uhuru. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani, ambazo hewa yetu huzizuia zisifike chini.