Jamii ndogo kwenye kaunti kubwa: jinsi ya kuingiza hitaji lenu katika bajeti

Siku ya mkutano wa maoni ya bajeti, ukumbi wa wadi hujaa, na kila mzungumzaji hupewa dakika mbili. Kama ndiyo mara ya kwanza jamii yenu kufungua kinywa, mmechelewa. Pesa zimeshagawiwa idara, na kwa kawaida maafisa walio mbele wamekuja kusikiliza, si kubadilisha. Ibara ya 56 ya Katiba ya Kenya inaitaka serikali iwawezeshe walio wachache kushiriki katika uongozi, lakini mhasibu wa kaunti hafungui Katiba anapopanga miradi. Anafungua mpango wa maendeleo wa mwaka.

Mpango huo hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka kikomo cha kila idara, hufika tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti ni 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai. Basi kazi yenu ni Julai na Agosti, karibu mwaka mzima kabla ya pesa kutoka.

Andikeni ukurasa mmoja, na ombi moja. Orodha ya maombi kumi humrahisishia afisa kazi: atachagua lililo dogo kuliko yote na kusema mmesikilizwa. Pia acheni utangulizi mrefu wa jinsi mlivyotengwa tangu uhuru. Ni kweli, ila hakuna fungu la bajeti linaloitwa kutengwa. Ombi linalofanya kazi husomeka hivi: “Tunaomba kisima kimoja. Kaya zitakazofaidika ni 140. Maji ya karibu yako kilomita 6. Nusu ekari imetolewa na ukoo. Makubaliano yaliyotiwa sahihi yameambatishwa.” Sentensi ya mwisho ndiyo husahaulika, na ndiyo huua miradi mingi: pesa zinapatikana, kisha inagunduliwa kwamba hakuna mahali pa kuchimba pasipo na mwenyewe.

Chapisheni nakala tatu. Moja kwa karani wa bunge la kaunti, moja kwa idara ya mipango, ya tatu igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na mrudi nayo nyumbani. Picha mliyomtumia mwakilishi wa wadi (MCA) kwa WhatsApp haihesabiki kama barua, hata akijibu kwa dole gumba.

Sahihi ziwe na majina kamili na kijiji. Wasio na vitambulisho wasiachwe nje. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa haki ya kupeleka ombi bungeni “mtu”, haikusema mwenye kitambulisho. Wamakonde wa Kwale walikaa miongo mingi bila vitambulisho, na sauti yao ilisikika walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016. Wekeni alama zao za vidole gumba kwenye karatasi ya peke yake. Na wanawake wasiwe wa kujaza mistari ya mwisho. Hitaji la maji likielezwa na wazee wanaume watupu, kamati itauliza anayeyateka ni nani.

Kuna pia Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambalo gavana huliongoza. Halina kiti kilichotengewa makabila madogo. Lina viti vya makundi kama wanawake, wazee, watu wenye ulemavu na makundi ya kidini. Mlango wenu ni huo: mtu wenu apendekezwe kupitia muungano wa akina mama au msikiti, si kwa jina la kabila.

Kuhusu viti maalum vya bunge la kaunti, ulizeni swali moja tu chama kinapowaahidi nafasi: nambari ngapi kwenye orodha? Majina huchukuliwa kwa mfuatano, na wa saba kwa kawaida hubaki nyumbani. Waichamus wa Baringo, wakidai uwakilishi katika Bunge la taifa, walilazimika kwenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikubali kwamba jamii ndogo ina haki ya uwakilishi. Njia hiyo ipo, ila ni ndefu na ya gharama.

Ajira ni jambo jingine linalopimika: angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazini ziende kwa wasio wa kabila kubwa la kaunti. Ombeni takwimu kwa maandishi, mkitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 kujibu. Ikinyamaza au ikikataa, pelekeni nakala ya barua hiyo yenye mhuri kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30.

Bajeti ikishapitishwa, tafuteni jina la kijiji chenu kwenye orodha ya miradi. “Visima, wadi mbalimbali” maana yake kisima chenu hakimo. Rudini Agosti na ukurasa uleule, mkiambatisha wa mwaka jana wenye mhuri.