Mchaichai: kuchuma, kupika na kukausha bila kupoteza harufu

Chuma majani ya nje yaliyokomaa, ya katikati yaache yakue. Funga kitambaa mkononi, kingo za majani zinakata. Kama mashina ni mekundu kwa chini, huenda ni ule jamaa yake wa kufukuzia mbu. Si wa chai.

Chai: majani 5 mabichi kwa lita 1 ya maji. Yakunje, uyafunge fundo, uyatie kwenye maji ya baridi. Yakichemka, punguza moto, dakika 5, kisha epua yakae dakika 5 nyingine. Sufuria ifunikwe muda wote, maana harufu ni mafuta yanayoondoka na mvuke. Ukitaka maziwa na tangawizi, tangawizi ichemke kwanza majini; mbichi hukata maziwa.

Mboga: shina jeupe la chini, kama sentimita 10, libonde kwa mchi hadi lipasuke, ulitie kwenye tui la mchuzi wa samaki au wali wa nazi. Litoe kabla ya kupakua, halitafuniki.

Kukausha ndiko kunakoharibu mchaichai wa wengi. Juani unakauka haraka, lakini unabaki nyasi tu: rangi imepauka, harufu imekwenda. Anika kivulini penye upepo, juu ya ungo au mkeka, kamwe si juu ya nailoni, kwa sababu chini hutota. Tenga majani na mashina. Jani hukauka mapema, shina bado lina maji ndani. Ukivichanganya kwenye chupa, wiki ya pili kuna ukungu. Mashina yapasue kwa urefu. Majani yakate vipande vya sentimita 3, yatandaze tabaka moja, yageuze kila siku. Jani likikunjwa livunjike, si kupinda tu. Hata hapo usiamini: yatie kwenye chupa ya kioo kavu, funga, angalia kesho yake. Ukiona umande ndani ya kioo, rudisha kwenye ungo. Masika, Pwani, usijisumbue, tumia mbichi.

Dawa: kikombe baada ya kula hutumika kwa tumbo lililojaa gesi. Kwa mafua, watu hujifukiza, mara nyingi pamoja na majani ya mpera. Sufuria ikae chini imara, mbali na watoto, mvuke unaunguza. Mjamzito asinywe kama dawa bila kumuuliza mkunga. Na homa ni ya kwenda kupima malaria siku hiyohiyo, maana jasho la mafukizo haliui vijidudu vyake.