Jinsi ya kuomba simu mpya za mezani kwa ofisi ya umma: mwongozo kwa walioko Kigoma

Simu za mezani zinazotumia mtandao wa kompyuta hazifi zote siku moja. Moja kioo kinafifia, nyingine vitufe vinagoma, ya masijala inasikika upande mmoja tu. Ofisi nyingi huvumilia mpaka hali iwe mbaya kabisa, halafu linaandikwa ombi la mstari mmoja: "simu za mezani 40". Ombi la namna hiyo ndilo linaloleta maboksi ya simu zisizoelewana na mfumo uliopo. Mwongozo huu ni kwa mkuu wa kitengo au afisa TEHAMA wa taasisi ya umma mkoani Kigoma anayetaka ombi lake lipite na simu zifanye kazi.

Pita chumba kwa chumba

Geuza kila simu. Chini yake kuna kibandiko chenye modeli na namba ya utambulisho. Viandike pamoja na namba ya ndani ya simu hiyo, jina la chumba na kasoro yake. Andika pia kazi inayofanywa hapo. Dada wa mapokezi anahitaji vitufe vyenye taa vinavyomwonyesha nani yuko kwenye simu na nani hayuko, maana ndiye anayeunganisha wageni siku nzima. Afisa mwenye meza ya kawaida anatosheka na kioo kidogo na laini mbili. Mkiomba simu za daraja la juu kwa kila mtu, bajeti itakatwa, na mara nyingi panaanzia kukatwa pale mapokezi.

Ijue seva yenu kabla ya kuijua simu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mwulize anayesimamia seva ya simu, yaani kompyuta inayounganisha simu zote za ofisi: inatumia itifaki ya SIP ya kawaida (lugha ya pamoja ya simu za mtandao), au ni mfumo wa kampuni moja unaotaka simu za kampuni hiyo? Kama ni Asterisk, programu huria ya seva za simu, au mfumo uliojengwa juu yake, simu za SIP za Yealink, Grandstream au Fanvil huunganika bila shida. Cisco wanataka umakini zaidi: modeli moja huuzwa kwa matoleo mawili, moja kwa seva za Cisco wenyewe na jingine kwa mifumo ya wengine, lenye alama ya 3PCC kwenye namba ya bidhaa. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Kisha angalia umeme. Simu hizi hupokea umeme kupitia kebo ya mtandao kutoka kwenye swichi (kifaa kinachogawa mtandao ofisini), kwa kiwango cha kimataifa kiitwacho 802.3af. Jumlisha: simu 20 za wati 6 ni wati 120, na swichi lazima iwe na uwezo huo wa jumla. Kama swichi zenu hazitoi umeme, andika kwenye ombi kwamba kila simu ije na adapta yake, kwa sababu mara nyingi adapta huuzwa kando. Swichi na seva ziwe kwenye UPS, betri ya akiba. Bila hiyo, umeme ukikatika, simu zinakatika nazo. Na kwa radi za ukanda huu wa ziwa, omba ukaguzi wa waya wa ardhini wa kabati la mtandao katika ombi hilohilo.

Kompyuta ikiwa imechomekwa nyuma ya simu, dai porti za gigabiti. Simu yenye porti za megabiti 100 itaipunguzia kompyuta kasi hata kama swichi ni mpya. Dai pia usimbaji wa TLS na SRTP, ili mazungumzo ya ofisi yasisikilizwe na yeyote aliyeingia kwenye mtandao.

Ofisi zenye tawi Kasulu au Kibondo zihesabu na uwezo wa njia ya mtandao inayoziunganisha. Mazungumzo ya simu moja kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 yanakula takribani kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, kwa G.729 ni kama 31. Mazungumzo kumi kwa wakati mmoja kwa G.711 ni karibu megabiti moja, na barua pepe nazo zinapita humohumo.

Dokezo na bajeti

Andika dokezo sabili (barua ya ndani ya ofisi) kwa Afisa Masuuli, mwenye dhamana ya fedha za taasisi, kupitia mkuu wako wa idara. Lieleze tatizo, idadi kwa kila aina, sifa za kiufundi na kifungu cha bajeti, na liambatishwe jedwali la vyumba. Sifa ziandikwe bila kutaja chapa. Ikilazimu kutaja, iongezwe "au inayolingana nayo". Weka sharti kwamba simu ziwe zimeidhinishwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, hivyo mahitaji yaingie kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka mapema. Dokezo likikubaliwa, Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi ndicho kinachoendesha mchakato kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao. Usizungumze bei na muuzaji pembeni. Na kama mnabadilisha mfumo mzima, si simu tu, andiko la mradi linatakiwa kufika kwanza eGA, Mamlaka ya Serikali Mtandao.

Sampuli, kisha mapokezi

Omba nyaraka za zabuni zidai sampuli ya simu. Ichomeke kwenye swichi yenu, isajili kwenye seva yenu, piga simu ya ndani, piga ya nje, hamisha mazungumzo, iache usiku kucha, asubuhi ipigie tena. Mzigo ukifika, kamati ya ukaguzi ilinganishe namba ya bidhaa kwenye boksi na ile ya sampuli, herufi kwa herufi, kabla ya kusaini.

Simu za zamani msizitoe hivihivi. Zina nywila za akaunti za seva ndani yake. Zirudishe kwenye mipangilio ya kiwandani, badilisha nywila hizo kwenye seva, kisha zikabidhi ghalani zisubiri taratibu za uondoshaji wa mali.