Kupima thamani ya matembezi katika msitu wa Rondo

Msitu wa Rondo hauuzwi sokoni mjini Mtama, lakini anayekwenda kuutembelea ameshalipa: nauli, chakula, siku ya kazi. Anzia hapo. Mchumi Harold Hotelling aliipendekeza njia hii ya kupima thamani kwa gharama za safari mwaka 1947 kwa hifadhi za Marekani, nami naiamini hata huku kwetu Lindi.

Kaa njiani na daftari. Baada ya salamu, uliza: umetoka wapi, bodaboda au basi shilingi ngapi, mko wangapi, umefuata msitu tu? Hilo la mwisho usiliruke kamwe. Aliyekuja msibani kisha akapita kutazama miti, si nauli yake yote iliyo ya msitu. Wala usihoji msimu wa korosho peke yake. Wakati huo watu wana fedha, picha itapotoka.

Wagawe wageni kwa walikotoka: Lindi mjini, Masasi, Mtwara. Linganisha safari na idadi ya wakazi wa kila eneo, uchore: gharama ikipanda, safari hupungua. Nafasi iliyo chini ya mstari huo na juu ya gharama waliyolipa hupima faida wanayoipata.

Jirani anayekuja kwa miguu kuchuma uyoga hana nauli. Usimwandikie sifuri, tafadhali: mhoji kando, uhesabu saa zake.