Kulala Berlin kwa bei nafuu unapofuata pasi ubalozini

Wengi wetu tunaoishi Ujerumani tunaenda Berlin kwa sababu ya ubalozi. Pasi imekaribia kuisha, mtoto amezaliwa na anahitaji hati zake, au kuna karatasi ya kugongwa muhuri, na ni lazima ufike mwenyewe. Ukitokea Freiburg au Aachen, kwenda na kurudi siku hiyohiyo ni mateso, hivyo unalala usiku mmoja au miwili. Usiku huo ukiupanga vibaya, unaweza kukugharimu zaidi ya hiyo pasi uliyoifuata. Haya ninayoandika hapa ni kwa ajili ya safari ya namna hiyo, na yatamfaa pia ndugu anayekuja kutoka Uingereza au Uswidi kwa siku mbili tatu.

Kwanza, achana na kutafuta hoteli ya "katikati ya jiji". Berlin haina katikati moja. Ukuta uliigawa kuanzia 1961 hadi 1989, na kila upande ulikuwa na kitovu chake: mashariki ni Alexanderplatz, magharibi ni eneo la kituo cha Zoologischer Garten na barabara ya Kurfürstendamm. Hoteli inaweza kujinadi kwa haki kabisa kwamba iko katikati, na wewe ukajikuta unapanda treni nusu saa nzima asubuhi ya miadi. Kinachofaa kutafutwa ni laini ya treni. Ubalozi wa Tanzania uko Westend, upande wa magharibi, na laini yake ni U2. Unashuka Theodor-Heuss-Platz au Neu-Westend. Ubalozi wa Kenya uko Markgrafenstraße, karibu na kituo cha Kochstraße kwenye laini ya U6. Anuani ihakikishe tena kwenye barua yako ya miadi, kwa sababu ofisi huhama. Baada ya hapo fungua ramani, fuata laini hiyo kituo kwa kituo, na utafute malazi ambayo hayazidi dakika kumi kwa miguu kutoka kituo chochote kati ya hivyo. Ukifanya hivyo unaepuka kubadilisha treni, na bei mara nyingi inashuka yenyewe kwa sababu hushindanii tena vyumba na watalii wa Brandenburg Gate.

Mwenye miadi ubalozi wa Kenya atazame Wedding, kaskazini, kwenye U6 hiyohiyo. Kutoka Leopoldplatz hadi Kochstraße ni kama robo saa bila kubadilisha treni. Wedding ni mtaa wa watu wa kawaida, barabara yake kuu ya Müllerstraße ina chakula cha bei ndogo, na maduka ya Kiafrika yapo. Ukiendelea kidogo na treni unafika mtaa unaoitwa Afrikanisches Viertel, wenye barabara za Sansibarstraße, Ugandastraße na Usambarastraße, majina yanayokumbusha zama za ukoloni. Barabara moja pale ilikuwa na jina la Carl Peters, yule aliyewatesa watu wa Kilimanjaro. Mwaka 2024 jina lake liliondolewa, na sehemu ya barabara hiyo sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Upande wa pili wa jiji, Neukölln, tangu 2021 kuna Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya mwanasiasa wetu wa TANU aliyekuwa miongoni mwa wabunge wanawake wa kwanza wa Tanganyika. Ukiwa na saa mbili za ziada baada ya miadi, wapeleke watoto wakavisome vibao hivyo. Ni bure, na ni historia yao.

Kwa upande wa Tanzania, U2 inapita Zoologischer Garten, na kutoka hapo hadi Theodor-Heuss-Platz ni dakika kumi hivi. Sehemu za Charlottenburg zilizo kati ya vituo hivyo zina gesti ndogo za familia, zile ambazo ni ghorofa moja tu ndani ya jengo la zamani, vyumba kumi au kumi na tano, bafu wakati mwingine la pamoja. Ni safi, ni tulivu, na hazipo kwenye matangazo makubwa. Jambo moja tu la kuangalia: majengo hayo mengi hayana lifti. Kama unatembea na mzazi mwenye magoti mabovu, uliza kabla ya kulipa, "Chumba kiko ghorofa ya ngapi, na lifti ipo?"

Ila eneo hilo lina tatizo lake, na limewaumiza wengi. Viwanja vikubwa vya maonyesho vya Messe Berlin viko hukohuko Westend. Januari kuna maonyesho ya kilimo ya Grüne Woche, mwanzoni mwa Machi kuna maonyesho ya utalii ya ITB, ambayo huleta hata waongoza watalii wa Arusha, Nairobi na Zanzibar, na mwanzoni mwa Septemba kuna IFA ya vifaa vya elektroniki. Septemba hiyohiyo kuna mbio za marathon, ambazo ndugu zetu wa Kenya wamezitawala. Eliud Kipchoge pekee amezishinda mara tano. Siku hizo chumba cha euro 70 kinaweza kuuzwa euro 200, na kikapata mteja. Kwa hiyo kabla hujachagua tarehe ya miadi, tazama kalenda ya maonyesho. Kusogeza miadi wiki moja ni njia rahisi ya kuokoa pesa kuliko punguzo lolote utakalolipata mtandaoni. Na ukishapata miadi, weka chumba siku hiyohiyo, kwa masharti yanayokuruhusu kughairi bure. Miadi ya ubalozi hubadilika, na chumba cha bei ya chini kisichorudisha pesa kitakufunga mikono.

Kuhusu aina ya malazi, sitazunguka sana. Mtu mmoja asiyejali kulala na wageni achukue kitanda hosteli, kwenye chumba cha watu wanne hadi wanane. Kwa siku za kawaida tegemea euro 20 hadi 40. Beba kufuli yako ya kabati na taulo, kwa maana vyote viwili hukodishwa. Wanawake waulize chumba cha wanawake watupu. Hosteli nyingi kubwa wanacho. Familia ya watu wanne isiogope jina la hosteli: unaweza kukodi chumba chote cha vitanda vinne, chenye bafu lake, mkafunga mlango wenu, na bei ikawa chini ya vyumba viwili vya hoteli. Zipo pia Jugendherberge, hosteli za chama cha DJH, ambazo zina kifungua kinywa cha kushiba, lakini lazima uwe mwanachama, kwa hiyo ada ya uanachama iingize kwenye hesabu yako.

Na hesabu ndiyo penye siri. Bei unayoiona kwanza kwenye simu si lazima iwe ndiyo utakayolipa. Berlin inatoza kodi ya jiji kwa kila anayelala hoteli, hosteli au nyumba ya kukodi. Tangu Januari 2025 ni asilimia 7.5 ya bei ya kulala. Chumba cha euro 80 kwa usiku mbili ni euro 160, na kodi yake ni karibu euro 12, ambayo sehemu nyingine huidai kaunta siku unayofika. Ongeza kifungua kinywa, shuka kama zinalipiwa, na nauli. Nauli za Berlin zimegawanywa kwa kanda A, B na C. Hoteli za karibu na uwanja wa ndege wa BER ziko ukanda C, wakati balozi ziko ndani ya AB, hivyo utahitaji tiketi ya ABC, watu wote mnaosafiri, kila siku. Hapo ile hoteli ya bei nafuu inaweza kuwa ghali kuliko gesti ya Charlottenburg. Lakini ukiwa na Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa kawaida nchi nzima, ile ya euro 63 tangu Januari 2026, kanda zote umeshazilipia, na unachopoteza ni muda tu. Tiketi za karatasi zigonge kwenye mashine kabla ya kupanda. Faini ni euro 60, na mkaguzi hasikilizi kwamba wewe ni mgeni.

Kuna wakati malazi ya bei nafuu kuliko yote ni kutolala Berlin kabisa. Kituo kikuu cha mabasi, ZOB, kiko Masurenallee, na kutoka hapo hadi Theodor-Heuss-Platz unatembea kwa miguu. Mtanzania mwenye miadi saa tatu asubuhi anaweza kupanda basi la usiku Munich au Köln, akashuka alfajiri, akanywa chai, akamaliza shughuli na kurudi jioni. Kwa kijana ni sawa. Mwenye watoto wadogo au mimba asijaribu. Usiku wa basi una vituo vingi na usingizi kidogo.

Nyumba za watu binafsi zinazokodishwa kwa siku chache zinahitaji uangalifu zaidi. Berlin ina uhaba mkubwa wa nyumba, na sheria inawabana wanaogeuza makazi kuwa vyumba vya wageni. Tangazo halali huonyesha namba ya usajili. Kama haipo, ruka. Na matapeli wanatujua: wanaandika kwamba mwenye nyumba yuko nje ya nchi, tuma amana, ufunguo utakuja kwa posta. Usitume. Vilevile, ukishaweka chumba kwenye jukwaa la mtandaoni, kisha ukapata ujumbe kwamba kadi yako haijathibitishwa na ubonyeze kiungo ndani ya saa chache la sivyo chumba kinafutwa, usibonyeze. Ipigie hoteli kwa namba uliyoitafuta mwenyewe.

Tusisahau watu wetu. Mara nyingi kuna shangazi, rafiki wa chuoni au jirani wa zamani aliyehamia Berlin, na hakuna hoteli inayoshinda ugali wa nyumbani. Mgeni wa siku chache hahitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Lakini omba mapema, wiki mbili kabla, na taja siku ya kuondoka, si siku ya kufika tu. Uliza kwanza anaishi vipi: aliye kwenye makazi ya wakimbizi au bweni la wanafunzi anaweza kupata matatizo kwa kulaza mgeni, na huenda akaona aibu kukuambia hapana. Usiende mikono mitupu; pakiti ya unga, dagaa au majani ya chai ya nyumbani vinapokelewa kwa furaha kuliko chokoleti. Baada ya saa nne usiku punguza sauti na maji, kwa sababu jirani akilalamika, anayepata barua ni mwenyeji wako. Na msemo wetu wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, unahusu hata Berlin: osha vyombo.

Ukifika kaunta ya hoteli, jiandae na kitambulisho. Raia wa Ujerumani tangu 2025 hawajazi tena fomu ya usajili wa wageni, lakini sisi wenye pasi za nje bado tunajaza na kuonyesha hati. Kama pasi yako imeisha muda au itabaki ubalozini, waandikie kabla ya safari uwaulize kama watakubali kadi ya ukaazi pamoja na nakala ya pasi, na jibu lao ulitunze kwenye simu. Uliza pia kaunta inafungwa saa ngapi. Gesti ndogo hufunga mapema na kukuachia namba ya siri ya mlango, ambayo huwezi kuipata saa sita usiku kama simu imezima. Siku ya kuondoka waachie mizigo, wengi huitunza bure, ili usipange foleni ubalozini ukiwa na sanduku. Na ukifika Jumapili, nunua mahitaji yako kituo kikuu cha treni, Hauptbahnhof, kabla ya kwenda gesti, kwa sababu siku hiyo maduka mengi ya mitaani yamefungwa.