Ramani ya matatu ukutani: maonyesho ya maktaba yanayoguswa

Maonyesho mengi ya maktaba za vyuo ni vitabu vipya nyuma ya kioo chenye kufuli. Wanafunzi hupita tu. Haya tutakayotengeneza, ramani ya Nairobi ambayo kila mmoja anabandika alama kwenye njia ya matatu yake, yanaipa mikono yao kazi.

Hatua ya 1: Tafuta swali lisiloweza kukosewa. "Unakuja chuoni na matatu namba gani?" Chemsha bongo humfukuza asiye na uhakika, lakini hili hata mgeni wa wiki ya kwanza analijibu.

Hatua ya 2: Weka penye foleni, kwa mfano kando ya mashine ya fotokopi. Mlangoni hapafai, watu wana haraka na bawabu anakagua mikoba. Ramani isipite usawa wa kifua, ili aliye kwenye kiti cha magurudumu aifikie.

Hatua ya 3: Unganisha manila mbili, uchore Thika Road, Ngong Road, Jogoo Road na Mto Nairobi kwa felti peni. Namba ziwe na rangi zake: 237 ya Thika, 111 ya Ngong, 125 ya Rongai. Wape wanafunzi vibandiko vya duara wabandike kwenye njia ya matatu yao. Pini huanguka na kuchoma watu. Bandika vichache mwenyewe kwanza.

Hatua ya 4: Hii ndiyo hurukwa, na bila hii una pambo tu. Bandika vijikaratasi vya kufunua. Penye Uhuru Park: "Nani aliongoza kupinga jengo la ghorofa 60 hapa mwaka 1989?" Chini yake: Wangari Maathai, na namba ya kitabu rafuni. Penye stesheni ya reli: "Reli ilifika Nairobi lini?" Chini: 1899, tazama 967.62, ambayo ni historia ya Kenya katika mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba. Vitabu hivyo viwe mezani chini ya ramani, tayari kuazimwa. Kimoja kikiondoka, jaza pengo siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Ubandikaji ukipoa, badilisha swali.

Maswali ya wasomaji

*Mwalimu, wakiandika matusi je?*
Kibandiko hakina pa kuandika. Ukitaka maoni, weka sanduku, uyasome kabla ya kuyatundika.

*Si tutakuwa tunatangaza wanafunzi wanakoishi?*
Namba ya matatu haitaji mtaa wala nyumba. Majina usiyaombe.

*Dada, mkuu wetu anataka skrini ya kugusa.*
Mwombe aanze na manila. Stima ikipotea, ramani bado ipo.

*Nitajuaje yamefaulu?*
Hesabu vitabu vya mezani vilivyoazimwa, ulinganishe na vilivyoazimwa vikiwa rafuni. Vibandiko vikijaa na vitabu havijasogea, rudi hatua ya 4.